Mamba wa Karatasi za Sima

Mwezi uliopita wengi mliuliza yale makelele nyuma ya darasa ni ya nini, na wengine mlisikia eti walimu wanafundisha watoto mashetani. Si mashetani. Ni mamba, na tunaomba tuwaeleze alikotoka.

Sisi tuliokulia karibu na Bandari ya Bujumbura tulipenda vitu vya kutisha tangu wadogo. Mchana tulizungukazunguka kwenye depo, meli zinashusha sima na sukari za Kigoma na Mpulungu, wapakizi wanatufukuza. Jioni hadithi ilikuwa moja tu: Gustave. Huyo alikuwa mamba wa kweli kabisa, wa kule Ruzizi inapoingia Ziwa Tanganyika. Jina alipewa na Mfaransa mmoja, Patrice Faye, aliyemfuatilia miaka mingi na kukisia kwamba urefu wake unapita mita 6. Alitengenezewa mtego mkubwa wa chuma, hakuingia; filamu ya mwaka 2004 inaonyesha walivyorudi mikono mitupu. Watu walisema amekula 300. Hesabu hiyo hakuna aliyeihakikisha, na sisi tunadhani makosa ya mamba wengine alibebeshwa yeye.

Mwaka 2007 Wamarekani wakamtolea sinema, Primeval. Tulipokuja kuiona kwenye kibanda cha video tulicheka sana: mamba wao anafukuza watu nchi kavu kama mbwa, na hiyo Burundi yao ni Afrika Kusini walikoipigia.

Basi tukatengeneza Gustave wetu. Mifuko mitupu ya sima ilikuwa mingi bandarini. Unakung'uta vumbi vizuri, nje, pua umeifunga. Unachana karatasi vipande virefu, unachovya kwenye uji mzito wa unga wa muhogo, unabandika juu ya umbo la udongo, tabaka kwa tabaka. Jua la siku mbili tatu, unatoa udongo, unabaki na kichwa kigumu chepesi. Meno tulikata kwenye bido lililopasuka, macho ni vizibo vya chupa, rangi ni makaa yaliyosagwa. Mwili ni mkeka wa zamani, watoto watatu chini yake. Mtoto wa mbele ndiye anayeumia magoti, kwa hiyo tulipokezana.

Hapa kambini tumerudia kitu kilekile, na sababu ni hii. Watoto wengi wa darasa letu wamezaliwa huku milimani. Maji wanayoyajua ni ya bomba. Ziwa hawajaliona hata siku moja, na kila safari kuna familia zinazojiandikisha kurudi upande wa Uvira, Baraka na Fizi, ambako mtoto atatumwa maji ziwani wiki hiyohiyo ya kufika. Nani atamwambia? Mama atakuwa anahangaika na nyumba isiyo na paa.

Kwa hiyo mchezo una kanuni. Mamba halii, hakimbii. Analala kimya, macho tu na pua ndivyo vinaonekana juu ya maji. Anaangalia nani anakuja kuchota mahali palepale, saa ileile, kila siku. Anayeinama akampa maji mgongo, ameliwa. Anayekuja peke yake jioni, ameliwa. Anayerusha bido kwa kamba ndefu akiwa mbali na ukingo, na wenzake wanaangalia, huyo anaondoka na maji yake. Mtoto mmoja alikataa katakata kuwa mamba. Akataka kuwa kamba. Tulimwachia.

Kiboko naye yuko njiani, maana kule Bujumbura jioni hutoka ziwani kula majani hadi karibu na nyumba za watu, na mtoto akimwona mnene hivyo anadhani hawezi kukimbia. Anaweza, tena kukupita.

Baba mmoja alikuja kusimamisha mchezo kwa sababu mwanawe aliota usiku. Tulimkaribisha akae. Alitazama hadi mwisho, kisha akasema kwao Fizi walikuwa wanapanga miti ndani ya maji, kama ua, na wanawake wanachota ndani yake. Jambo hilo hatukulijua. Sasa ua upo kwenye mchezo, na Jumatano yeye ndiye anaonyesha namna ya kuufunga.

Mwenye mfuko mtupu wa sima au bido lililopasuka asitupe, amtume mtoto alilete darasani kabla ya Jumamosi. Kichwa cha kiboko kinakula karatasi nyingi.