Darubini ya Kompyuta Ikitoka Brussels Kwenda Kindu

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, saa za Brussels na za Kindu, mji wa mashariki mwa Congo, zilikuwa sawa, maana Ubelgiji ilikuwa bado kwenye saa za majira ya joto. Mwezi ulipatwa wote kuanzia saa moja na nusu usiku hadi karibu saa tatu. Kwa aliyesimama Kindu ukingoni mwa mto Lualaba, upande wa mtaa wa Kasuku, mwezi ulichomoza ng'ambo, upande wa mtaa wa Alunguli, kabla kivuli cha dunia hakijaanza kuula, kwa hiyo tukio zima lilikuwa mbele yake. Kwa ndugu yake anayeishi Matonge, Brussels, ulichomoza saa mbili na robo hivi ukiwa umeshamezwa, chini kabisa nyuma ya mapaa. Alibakiwa na dakika kama arobaini kabla nuru haijaanza kurudi.

Wakongomani wa ughaibuni wanaopenda nyota huishia kwenye swali lilelile: ile darubini yenye kompyuta inayouzwa Ulaya, ikipelekwa Kindu, itafaa? Itafaa, lakini si kwa kazi iliyotengenezewa.

Ulaya kompyuta ina sababu yake. Utafiti ulioongozwa na Mwitaliano Fabio Falchi na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watu wa Ulaya hawaioni tena Njia ya Maziwa kutoka wanakoishi, kwa wingi wa taa. Katika mji kama Brussels nyota zinazobaki ni chache mno kumwelekeza mtu kwenye vitu hafifu, basi mashine inamtafutia. Anasimamisha miguu mitatu, anaisawazisha kwa pimamaji, anaingiza tarehe, saa na mahali kwenye rimoti, kisha anailenga darubini kwenye nyota mbili anazozifahamu. Kuanzia hapo kompyuta inapiga hesabu yenyewe. Akichagua Zohali, mota zinanguruma, bomba linageuka polepole, na sayari inaingia kwenye lenzi. Hata ramani ya makundi ya nyota inayotumiwa dunia nzima imepitia mikono ya Wabelgiji: Eugène Delporte, wa kituo cha kutazamia nyota cha Uccle mjini Brussels, ndiye aliyeandaa mipaka rasmi ya makundi yote 88, iliyochapishwa mwaka 1930.

Kindu, usumbufu unaanzia kwenye rimoti hiyohiyo.

Congo ina kanda mbili za saa, na Kinshasa iko nyuma ya Kindu kwa saa moja. Mtu asipoikuta Kindu kwenye orodha ya miji akachagua Kinshasa, ameshaipoteza mashine. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo kosa la saa moja peke yake linaweza kuipeleka darubini mbali na shabaha kwa upana wa mwezi mpevu mara 30. Dawa ni kuandika mahali kwa mkono, kama simu inavyoonyesha: karibu nyuzi 3 kusini na 26 mashariki, saa mbili mbele ya Greenwich, bila saa za majira ya joto. Tarehe nayo iangaliwe, kwa sababu rimoti nyingi hutanguliza mwezi kabla ya siku, kwa mtindo wa Kimarekani.

Halafu kuna Nyota ya Kaskazini. Standi za aina ya ikweta, zenye mhimili unaolingana na ule wa dunia, huelekezwa kwake, na kwa aliye Brussels nyota hiyo iko nyuzi 51 juu ya upeo wa macho. Kwa aliye Kindu haionekani kabisa, imezama chini ya upeo. Mhimili wa standi unabidi ulale karibu bapa, jambo ambalo standi nyingi haziliwezi. Zikilazimishwa, uzito wa kusawazisha unagonga miguu. Afadhali standi inayopanda, kushuka na kuzunguka tu. Nayo ina udhaifu wake: Septemba 2025 Zohali ilipita karibu kabisa utosini mwa Kindu, na hapo juu standi ya namna hiyo hulazimika kuzunguka kwa kasi ili isiachwe. Mwenye subira hungoja sayari ishuke kidogo upande wa magharibi.

Umeme si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani. Ule wa mtandao ni wa kubahatisha, lakini darubini hizi hutumia volti 12, na bateri ya sola inayochajia simu za nyumba nzima inaendesha moja usiku kucha. Adui hasa ni unyevu. Kioo kikifungiwa kwenye begi lenye unyevu, kuvu huota juu yake na kula rangi ya kinga, na fundi wa kukisafisha hayupo karibu. Ndoo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, inalinda kuliko begi la bei ghali. Jambo lingine ni la ujirani: bomba nene juu ya miguu mitatu, gizani, linaweza kuzusha maswali. Shefu wa kartie aarifiwe mapema, na ikiwezekana awe wa kwanza kuchungulia.

Kwa upande wa anga yenyewe, hakuna ushindani. Brussels, tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, usiku haufiki weusi kamili, kwa kuwa jua halizami vya kutosha chini ya upeo. Kindu, giza linakamilika saa moja na robo hivi baada ya machweo, mwaka mzima. Jioni za Aprili na Mei, mawingu yakiruhusu, Dubu Mkubwa yuko kaskazini na Msalaba wa Kusini uko upande wa pili, katika anga moja. Omega Centauri, rundo la mamilioni ya nyota ambalo halichomozi kamwe Ubelgiji, linaonekana Kindu kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu.

Kwa hiyo kutafutiwa nyota si hitaji la kwanza la Kindu. Brussels inaizidi kwa desturi ya kumwonyesha anga mtu yeyote. Grimbergen, kaskazini tu mwa jiji, kuna kituo cha kutazamia nyota cha MIRA, kilichoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya raia wa kawaida. Hove, karibu na Antwerp, kuna kingine, Urania. Mtu anakwenda na watoto wake, anapanga foleni, anachungulia, anaeleweshwa, wala hakuna anayemuuliza diploma. Nairobi, Susan Murabana na Daniel Chu Owen wameifanya desturi kama hiyo iwe ya kuhamahama: tangu 2014 mradi wao wa Travelling Telescope unapeleka darubini mashuleni na vijijini.

Anayetaka kutuma kitu nyumbani angeanza na darubini ya macho mawili ya 10x50, isiyohitaji bateri wala rimoti. Akiwa na uwezo zaidi, zipo darubini ndogo kama Seestar S50, iliyotoka mwaka 2023. Ina lenzi ya milimita 50 na bateri yake ndani. Inapiga picha ya nyota, inajitambulia yenyewe ilipoelekea, kisha inatuma picha kwenye simu. Ikishawashwa mara ya kwanza kwa intaneti, inafanya kazi bila mtandao, na darasa zima linaweza kuzunguka skrini moja.

Isiachwe nyumbani kwa mjomba. Mahali pake ni lisé au Chuo Kikuu cha Kindu, chini ya mwalimu mmoja mwenye ufunguo, na kwa ratiba inayotangazwa: kiangazi cha Juni hadi Agosti, Ijumaa ya wiki ambayo mwezi ungali mchanga, saa moja na nusu usiku.