Jumamosi Tunahesabu Vipepeo

"Mwalimu, umepoteza nini?" Ndivyo alivyotuuliza mama mmoja muuza makala, alipotukuta tumeinama majanini kando ya njia, daftari mkononi. Tukamjibu: "Hatukupoteza kitu, Mama. Tunahesabu vipepeo." Akatutazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Kisha akasema: "Na hao vipepeo, wanakuletea bukari?" Watoto waliokuwa pamoja nasi wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani tuliona kwamba swali lake ni zuri, tena linastahili jibu. Ndugu wasomaji, maneno haya ndiyo jibu letu.

Sisi ni katekista katika parokia moja ya pembezoni mwa Lubumbashi, upande wa Ruashi. Tulisoma seminari miaka kadhaa, kisha tukaona kwamba njia yetu ni ile ya ndoa, tukarudi nyumbani. Sasa tuna umri wa miaka thelathini na sita na watoto wanne. Kila Jumamosi asubuhi tunafundisha katekismo. Mafundisho yakiisha, tunatoka na watoto wakubwa wachache, wale ambao wazazi wao wamekubali, tukafuata njia ya miguu inayoanzia nyuma ya kanisa. Njia hiyo inapita katikati ya malupango, inakata mashamba ya mihogo, inashuka mpaka kijito, halafu inapanda kilima kidogo kisicho na miti. Ni mwendo wa kilomita mbili tu. Mtu mwenye haraka anaumaliza kwa nusu saa. Sisi tunatumia saa moja na nusu.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina sheria zake. Njia ni ile ile, saa ni ile ile, mwendo ni ule ule. Tunaanza saa tatu, jua likiisha kupata nguvu, kwa sababu kipepeo hana joto lake mwenyewe. Asubuhi za baridi za Juni na Julai yeye hukaa juu ya jani, mabawa wazi, akiota jua kama mzee mbele ya nyumba yake. Tunahesabu wale wanaopita karibu nasi tu, hatua chache kushoto na hatua chache kulia. Yule wa mbali hatumwandiki, hata akiwa mzuri namna gani. Pamoja na vipepeo tunaandika mimea ya pori iliyotoa maua juma lile. Mwisho tunaandika tarehe na hali ya hewa.

Sheria hizi hatukuzibuni sisi. Kule Uingereza watu wa kujitolea wanahesabu vipepeo namna hii tangu 1976, juma kwa juma, kila mmoja katika njia yake. Hesabu ya siku moja haisemi kitu. Lakini hesabu za miaka mingi zikiwekwa pamoja, zinaonyesha wazi ni kipepeo gani anayeongezeka na ni yupi anayepungua. Tulipolisoma jambo hilo tukajiuliza: Je, sisi hatuna macho? Hatuna njia ya kupita?

Basi tukanunua daftari. Na hapo Kilatini cha seminari, ambacho tulidhani kimekufa ndani yetu, kikafufuka. Wasomaji wote wanazijua zile mbegu nyeusi nyembamba zinazoshika suruali na vitambaa vya wamama wakitoka shambani. Wataalamu wanauita mmea ule *Bidens pilosa*, maana yake "wenye meno mawili, wenye nywele". Chukua mbegu moja, itazame vizuri: utayaona meno yenyewe. Watoto walipenda sana jambo hilo. Tangu siku ile wanataka kujua kila jina lina maana gani.

Lakini kwa majina ya kwetu, walimu wetu ni wamama. Wao ndio waliotuonyesha majani ya kikanda, ule mmea wa pori ambao mizizi yake minene inachimbwa na kuliwa, nasi tulikuwa tumekula kikanda tangu utoto bila kuliona ua lake hata mara moja. Ni ua la jamaa ya okidi, zile ambazo watu wa Ulaya wanazinunua kwa bei kubwa na kuzipanda katika vyungu.

Mwaka una kalenda yake, nayo tukaijua polepole. Katika Septemba na Oktoba, joto likiwa kali na mvua bado haijafika, miti ya pori inatoa majani mapya mekundu. Mgeni angedhani pori linawaka moto. Mvua za Novemba zikianza, masuku yanaiva, na njia inajaa maganda yake. Katika michungwa ya malupango wanaanguliwa viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, *Papilio demodocus*. Kiwavi huyu akiwa mchanga anafanana kabisa na mavi ya ndege, hata ndege mwenyewe hamgusi. Akikua anakuwa wa kijani kama jani. Ukimsumbua anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, na harufu yake inakukimbiza. Mama mmoja alikuwa akiwaua wote kwa sababu wanakula majani ya mche wake. Tukamwambia kiwavi huyu anakuwa nani. Akaendelea kuwaua, lakini sasa anatuachia wawili au watatu katika tawi la nyuma. Hatukumlaumu: mche ni wake, na machungwa ni ada ya shule.

Sasa lazima tuseme makosa yetu, maana ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho. Kipepeo tuliyemwona mara nyingi kuliko wote ni yule wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizo na madoa meupe. Jina lake ni *Danaus chrysippus*. Viwavi wake wanakula mimea yenye maziwa machungu, na uchungu ule unabaki mwilini mwake mpaka anapokuwa na mabawa. Ndege akimla anatapika, wala hasahau. Kwa hiyo anaruka polepole bila woga. Mwaka mzima tulimwandika huyu peke yake. Kumbe yuko mwingine, jike la *Hypolimnas misippus*, asiye na sumu yoyote, ambaye amevaa nguo ile ile ili ndege wamwogope bure. Dume lake halifanani naye hata kidogo: ni jeusi, lina madoa makubwa meupe yenye kingo za zambarau.

Aliyegundua ni msichana wa miaka kumi na miwili. Alisema: "Mwalimu, huyu ana doa moja jeusi katika bawa la nyuma. Yule wa juzi alikuwa nayo matatu." Tukatazama, tukakuta ni kweli. Yule mwenye sumu ana madoa matatu au manne katikati ya bawa la nyuma. Mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Ilitubidi kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari: "Hesabu za mwaka huu zimechanganya vipepeo wawili." Mkono ulikuwa mzito kuandika maneno hayo mbele ya watoto, lakini tuliyaandika.

Kosa la pili halikuwa la macho. Lilikuwa la moyo.

Tumesema kwamba mwisho wa njia yetu ni kilima kisicho na miti. Vilima vya namna hii ni vingi katika Katanga. Udongo wake una shaba nyingi, na shaba ikizidi ni sumu kwa miti. Lakini iko mimea michache iliyozoea sumu hiyo. Mmoja wao ni *Haumaniastrum katangense*, mmea mdogo wa jamaa ya mrehani, wenye maua ya zambarau, unaoitwa ua la shaba. Watafutaji wa madini walilifuata ua hili. Hata wachimbuaji wa mambo ya kale walilitumia: pale lilipoota mbali na kilima cha shaba, walichimba wakakuta mabaki ya tanuru za wahunzi wa zamani, waliofua shaba katika nchi hii karne nyingi kabla ya kiwanda cha Lubumbashi kuwasha moto wake katika 1911. Wahunzi walikufa, majina yao yalisahauliwa, lakini ua lilibaki kuwa shahidi wao.

Juu ya kilima chetu tulikuwa tukiliandika kila mwaka mvua zikikaribia kwisha. Basi Jumamosi moja ya Machi kulikuwa na maziko katika jumuiya yetu, na mchana mvua ikanyesha mpaka jioni. Hatukutembea. Usiku, tukiwa tumechoka, tulifungua daftari, tukaona nafasi tupu, ikatuchukiza. Zilikuwa zimepita Jumamosi nyingi bila pengo hata moja, nasi tulijivunia jambo hilo. Tukachukua biki, tukaandika hesabu zinazofanana na zile za juma lililotangulia. Mwisho tukaandika: "Ua la shaba, bado lipo."

Jumamosi iliyofuata tulipanda kilima, tukakuta kimefumuliwa. Mashimo kila upande, mifuko, makoleo, udongo mwekundu umelundikwa. Wachimbaji wa mkono walikuwa wamefika. Hatuwezi kuwatukana. Mmoja wao ni baba wa mtoto tunayemfundisha, alitusalimu kwa heshima, na tunajua nyumbani kwake wanakula mara moja kwa siku. Tukauliza watoto: "Walianza lini?" Tukafungua daftari ili kutafuta. Yule msichana akasoma ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, Jumamosi ile mimi nilipita hapa nikienda kwa nkambo wangu. Kilima kilikuwa kimekwisha kuchimbwa. Maua hayakuwapo."

Wenzetu, sisi ndio tunaowafundisha watoto hawa amri inayokataza kushuhudia uongo. Tuliwafundisha asubuhi ile ile. Tungeweza kusema kwamba ni kosa la kalamu. Tukaona afadhali aibu. Tukawaambia: "Hatukutembea siku ile. Tuliandika uongo." Tukapiga mstari juu ya ukurasa mzima, tukaandika kando yake: "Mvua na maziko. Hatukutembea. Mashimo yalionwa na mtoto." Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja alituuliza kama kurasa nyingine ni za kweli. Swali hilo lilituuma kuliko lolote, kwa maana alikuwa na haki ya kuuliza.

Mtu anaweza kusema: kipepeo mmoja zaidi au mmoja pungufu, kuna hasara gani? Tusikilize jambo hili. Karibu na Kolwezi kulikuwa na mmea mmoja wa udongo wa shaba, *Acalypha dikuluwensis*. Mara ya mwisho ulionekana katika 1959. Machimbo yalikula mahali pake, na wataalamu wameuandika katika orodha ya viumbe vilivyotoweka. Tunajua mwaka ule kwa sababu tu kuna mtu aliyeona, akaandika alichoona, na siku alipoacha kuona hakujaza nafasi kwa mawazo yake. Nafasi tupu nayo ni neno. Ndiyo inayosema: hapa palikuwa na kitu, sasa hakipo. Sisi tuliijaza nafasi hiyo, tukafunga mdomo wa kilima chetu siku ile ile kilipokuwa kikilia.

Mwaka uliofuata, mvua zikikaribia kwisha, tulipanda tena. Wachimbaji walikuwa wamehamia mahali pengine. Juu ya lundo moja la udongo walioutupa, watoto waliona vimea vidogo vya zambarau. Ua la shaba ni la mwaka mmoja. Linaota upesi katika udongo uliofumuliwa, shaba ikiwamo. Si mimea yote ya vilima hivi inayoweza kurudi namna hiyo, na wala hatujui wachimbaji watarudi lini. Tukahesabu mara mbili, kila mtoto kwa kidole chake. Tukaandika: "Ua la shaba, mashina kumi na moja." Si kumi na mawili.

Basi, mpenzi msomaji, nawe ukiwa na njia unayoipita kila juma, ya kwenda kanisani, sokoni au shambani, chukua daftari. Usingoje kuyajua majina yote: andika rangi, andika ukubwa, andika mahali, uliza wamama. Kipepeo usimshike wala usimuue. Usiandike usichokiona. Na siku usipotembea, andika kwamba hukutembea. Baada ya miaka kumi watoto wako watakuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine anacho: ushuhuda wa kweli juu ya mahali walipozaliwa.

Na yule mama wa makala? Juzi alituita toka mbali, huku ametua mzigo wake: "Mwalimu! Leo katika mchungwa wangu nimeona wale weusi wa njano, wawili! Andika!" Tukamjibu kwamba sheria yetu haituruhusu kuandika tusichokiona wenyewe. Akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo mimi ni mwongo?" Watoto wakatutazama waone tutasema nini. Tukafungua daftari juu ya mfuko wake wa makala, tukaandika pembeni, pale pa mashahidi: "Wawili, wameonwa na Mama katika mchungwa wake." Akataka kusomewa mara mbili, ndipo akajitwika mzigo wake akaenda.