Kwa Nini Niliacha Mpira

Ndugu wasomaji, katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma habari za mechi zilizochezwa na vikombe vilivyoletwa shuleni. Leo naomba nafasi nieleze habari ya mchezo uliokoma. Yaliyonipata mimi yaweza kumpata yeyote miongoni mwenu, na kuyajua mapema ni faida.

Mimi ni mtu wa Ajia, katika Vurra, si mbali na mji wa Arua. Nilipokuwa kidato cha nne nilicheza katikati ya uwanja katika timu ya shule, na watu walinisifu kwamba sichoki. Mwaka 2016 Onduparaka walipanda ligi kuu ya Uganda, na tangu hapo kila kijana wa kwetu aliyejua kupiga mpira aliota kucheza katika uwanja wa Green Light. Nami niliota, tena si bure, kwa kuwa mwaka 2017 niliitwa kufanya majaribio na timu moja ya mjini. Majuma mawili kabla ya siku ile nilianguka mazoezini. Sikugongwa na mtu, wala sikuwa na njaa wala homa. Nilikuwa nikikimbia, mara nikajiona nimelala chini na wenzangu wamenizunguka.

Tulielekezwa Kampala. Mimi na baba tulisafiri kwa basi usiku kucha, tukapita Pakwach na Karuma, hata tukafika Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago. Huko nilipimwa kwa mashine mbili. Moja huandika juu ya karatasi mwendo wa umeme wa moyo, na ya pili huonyesha picha ya moyo wenyewe ukipiga. Daktari alimwonyesha baba picha ile, akasema, "Mzee, kuta za moyo wa kijana huyu zimekuwa nene kupita kiasi. Dawa zitautuliza, lakini mpira wa mashindano auache."

Yafaa nieleze maana yake. Moyo ni msuli, na moyo wa mtu wa mazoezi hukua kidogo, wala huo si ugonjwa. Lakini katika maradhi haya msuli hunenepa kwa sababu ya kasoro ya urithi ambayo mtu huzaliwa nayo. Ukuta ukinenepa, chumba cha damu hupungua, na umeme unaouongoza moyo waweza kuvurugika, hasa mtu anapokimbia kwa nguvu. Hapo moyo hutetemeka badala ya kupiga, damu haifiki kichwani, na mtu huanguka. Wataalamu hukadiria kwamba mtu mmoja katika kila 500 anayo maradhi haya. Wengi huishi mpaka uzeeni pasipo kujua.

Tatizo ni kwamba mwenye kuambiwa hivi hujiona mzima. Mimi nilikula vizuri, nililima na baba, nilipanda baiskeli kwenda Arua. Kila jioni nilisikia wenzangu wakipiga mpira, nikawaza kwamba labda daktari amezidisha hofu, na kwamba nikirudi polepole hakuna atakayejua. Mawazo hayo yalidumu karibu miaka miwili, hata tulipopata habari za Papy Faty.

Faty alizaliwa Bujumbura mwaka 1990. Alicheza Uturuki katika Trabzonspor, kisha Afrika Kusini katika Bidvest Wits ya Johannesburg, na katika timu ya taifa ya Burundi. Madaktari walipoona kwamba moyo wake una kasoro, walimshauri aache kucheza. Aliondoka Wits, lakini mpira hakuuacha, akaenda Eswatini kuchezea Malanti Chiefs. Tarehe 25 Aprili 2019 alianguka uwanjani, akafariki, naye ana miaka 28. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Burundi ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Simlaumu hata kidogo. Mpira ulikuwa kazi yake na riziki yake, na anayemwona mpumbavu hajapata kuambiwa aache kitu anachokiweza kuliko vyote. Lakini siku ile nilivifunga viatu vyangu katika gunia, nikampa kijana wa jirani.

Wako wengine ambao hawakupata hata nafasi ya kuchagua. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali dhidi ya Kolombia, naye pia ana miaka 28. Ugonjwa wake wa moyo mnene ulijulikana maiti yake ilipochunguzwa. Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Uingereza, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akichezea Bolton, na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Madaktari hawakukata tamaa, naye akapona. Mwezi wa Agosti mwaka uleule aliacha mpira akiwa na miaka 24. Hakika Muamba alipoteza kazi, lakini aliyapata maisha.

Basi, kuna jambo kubwa kuliko mpira. Siku ile Mulago daktari alimwuliza baba, "Je, katika ukoo wenu yuko mtu aliyekufa ghafula akiwa kijana?" Baba alinyamaza kitambo, kisha akamtaja mdogo wake, aliyeanguka shambani mwaka 2009 akiwa na jembe mkononi. Sisi tuliokuwa watoto tuliyasikia yaliyosemwa matangani. Walisema amelishwa sumu, na macho ya watu yalimwelekea mkewe. Mama mdogo yule alirudi kwao Koboko bila kuagwa.

Daktari alisema kwamba kifo cha namna ile chaweza kabisa kuletwa na moyo. Alieleza pia kwamba mzazi akiwa na kasoro hii, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, akataka jamaa wote wapimwe. Baba alionekana anayo, ingawa hajapata kuanguka. Mdogo wangu wa kike anayo pia, naye anatumia dawa na anaendelea na masomo.

Tuliporudi, baba aliwakusanya wazee wa ukoo akawaeleza neno kwa neno. Kisha alikwenda Koboko na wazee wawili. Wenyeji ni Wakakwa na sisi ni Walugbara, kwa hiyo mazungumzo yalifanywa kwa Kiswahili. Baba aliomba radhi mbele ya ndugu zake mama mdogo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Shemeji, nimengoja miaka minane." Watoto wake nao wamepimwa.

Wanafunzi wenzangu, wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi, mauti humwumbua. Ukizimia ukikimbia, au kifua kikikubana mchezoni, au moyo ukienda mbio pasipo sababu, mwambie mwalimu, usiogope kutolewa katika timu. Magonjwa ya moyo ni ya namna nyingi. Nwankwo Kanu wa Nijeria alipasuliwa moyo mwaka 1996, akarudi kucheza miaka mingi. Hata wenye ugonjwa kama wangu, siku hizi madaktari hupima kila mmoja peke yake kabla ya kumkataza. Tena mwenzenu akianguka, haitikii wala hapumui sawasawa, msimmwagie maji tu. Mmoja aite msaada, na mwingine aweke viganja juu ya mfupa wa katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala asiache mpaka msaada ufike.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio na watoto, waulizeni wazee wenu ni nani katika ukoo aliyeanguka ghafula, na alikuwa akifanya nini. Andikeni majibu, mkampe daktari.

Mwanafunzi wa zamani, Ajia