Mlima Uliohama Ndani ya Jina



Mwaka jana, katika ofisi moja ya serikali, karani alilisoma jina la ukoo wangu mara mbili, kisha akainua macho. "Mwalimu, jina hili si la ng'ambo ya mpaka?" Nilimwonyesha kitambulisho, naye akaridhika. Mimi sikuridhika. Njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka Louis wa Battenberg.

Battenberg ni mji mdogo wa jimbo la Hesse, Ujerumani, kando ya mto Eder. Sehemu ya mwisho ya jina hilo, berg, maana yake ni mlima. Makabaila wa kale waliojiita kwa jina la mji huo walikwisha, jina likabaki la mahali tu. Mwaka 1851 Alexander, wa ukoo uliotawala Hesse, alimwoa Julia Hauke, binti wa jenerali. Kwa kuwa bibi huyo hakuwa wa damu ya kifalme, hakuruhusiwa kushiriki cheo cha mumewe. Akapewa jina lile lililokwisha kuachwa: Battenberg. Basi jina lililotolewa ili kuwatenga likawa fahari ya watoto wake.

Mwanawe Louis akawa raia wa Uingereza akiwa na umri wa miaka 14, akaingia katika jeshi la majini, akapanda ngazi hadi kuliongoza. Vita vilipozuka mwaka 1914, watu walianza kumshuku kwa sababu ya asili yake. Mwezi wa Oktoba akajiuzulu. Utumishi wa zaidi ya miaka 40 haukumkinga.

Mwaka 1917 Mfalme George V aliacha jina la Kijerumani la ukoo wake, akashika la Windsor. Jamaa zake wa Battenberg waliokuwa Uingereza nao wakawa Mountbatten. Tazameni: mount kwa Kiingereza ni mlima. Mlima ni uleule, umehama tu kutoka mwisho wa neno hadi mwanzo wake, na ukoo ukahesabiwa kuwa wa Kiingereza.

Je, moyo wa Louis ulibadilika siku hiyo? Sidhani. Jina hutueleza wazee wetu walikotoka. Halisemi sisi ni waaminifu kwa nani. Kwa hiyo juma hili waulizeni wazee maana ya majina yenu, mje mtusimulie darasani. Nami nitawasimulia la kwangu, ambalo kweli lilivuka mpaka, zamani za babu yangu.