Mifupa ya Mtoto na Vibati Vinavyoyeyuka

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu, aligongwa na chukudu iliyokuwa ikiteremka na mzigo wa viazi hapa Goma. Mfupa wa paji, juu ya jicho la kushoto, ulivunjika ukaingia ndani. Mganga aliuinua, akaufunga kwa vibati vinne vya titani na skrubu ndogo sana. Mtoto akapona, nasi tukashukuru.

Kisha mganga akaniambia: « Mwalimu, baada ya miezi michache mumrudishe, tuviondoe. » Dada akalia. Kumpasua tena? Nami, nakiri, nilikuwa upande wake. Chuma kimekaa vizuri, mbona kukisumbua?

Bwana mganga hakukasirika. Alisema fuvu la mtoto si kama chungu kilichokwisha chomwa. Kwa nje laongezwa mfupa mpya, kwa ndani mfupa wa zamani waliwa, ili ubongo upate nafasi. Basi kibati kilichofungwa juu chaweza kufunikwa, na baada ya miaka kikaonekana upande wa ndani, karibu na ubongo. Hayo waganga wameyaona kweli.

Dada akauliza kama hakuna kitu kinachoshika mfupa, kisha kikaondoka chenyewe. Hajui kusoma, lakini swali lake ndilo walilojiuliza waganga wakubwa! Kipo. Huko Marekani vibati viitwavyo LactoSorb viliruhusiwa mwaka 1996: sehemu 82 kwa mia ni asidi ya laktiki, na 18 ni asidi ya glikoliki. Asidi ya laktiki ndiyo ile ya maziwa machachu, tena hupatikana katika misuli ya mtu apandaye mlima mbio. Chembe zake hufungamanishwa kama shanga katika uzi, mpaka ziwe kitu kigumu. Mganga hukipasha moto kikalegea, akakikunja kwa umbo la uso. Kikipoa kinakuwa kigumu tena. Ndani ya mwili maji huukata uzi ule polepole. Kwa majuma sita hadi manane kinashika mfupa unapoungana, na baada ya mwaka mmoja hivi kimekwisha. Mwili umekitumia kama chakula, kikatoka kwa pumzi na kwa maji.

Niliposikia nikataka kulaumu: kwa nini sisi hatukupewa? Bei ni kubwa, na hospitalini havikuwako. Lakini mganga akanionya nisivisifu mno. Mwaka 1987 waganga wa Groningen, Uholanzi, waliandika jinsi walivyofunga mifupa ya shavu ya watu 10 kwa asidi ya laktiki peke yake. Mifupa ikaungana vizuri. Baada ya miaka mitatu wanne wakarudi, mahali pale pamevimba: kibati kilikuwa hakijaisha, na mwili ulikuwa ukipigana na chembe zake. Ndiyo sababu ya kuchanganya asidi ya pili, iishayo upesi. Tena havina nguvu ya chuma. Taya la chini la mtu mzima, litafunalo kila siku, kwa kawaida hufungwa kwa titani.

Usiku ule dada aliniuliza: « Kaka, wewe wasemaje? » Nikamjibu kwamba nilikuwa nimekosa, twende tukaviondoe.

Tulikwenda. Mganga alitupa vibati vyote vinne katika chupa ya dawa. Dada ameiweka juu ya kabati, na mgeni akija mtoto huiomba, akaitikisa ili ilie.