Njia 16 za Kukaa

Mwaka 1891, Mfaransa Édouard Lucas aliuliza: wanandoa wakizunguka meza ya duara, wanaume na wanawake wakipishana, kuna njia ngapi za kuwaketisha ili asiwepo mume aliyekaa kando ya mkewe? Ndoa 3 zina njia 12. Ndoa 4 zina 96. Ndoa 5 zina 3,120. Mwaka 1986, Kenneth Bogart na Peter Doyle walionyesha kwamba hesabu hii hurahisika sana ukiacha mazoea ya kuketisha wanawake kwanza.

Nilikuwa najiandaa na mtihani wa kombinatoriki, muhula wa pili wa shahada ya uzamili, dada yangu alipopiga simu. "Si wewe ndiye mtu wa hesabu? Tupangie meza kuu."

Wazazi wetu waliachana miaka 9 iliyopita na hawasalimiani. Meza ina viti 8 kwa mstari mmoja. Bila masharti, watu 8 hukaa kwa njia 40,320. Zinazowaweka baba na mama bega kwa bega ni 10,080 tu. Nikamjibu kwa furaha: robo tatu ya njia zote ni salama.

Lakini harusi ina masharti yake. Maharusi wakae katikati, wasimamizi ubavuni mwao. Vinabaki viti 4, viwili kila mwisho, na wazazi 4. Halafu mila: upande wa bibi harusi wakae wa kwao. Nikahesabu tena. Sifuri.

Darasani sifuri ni jibu kama majibu mengine. Kwetu ilimaanisha mzazi mmoja aondolewe meza kuu siku ya mwanawe, na sote tulijua angekuwa mama, kwa sababu baba ndiye aliyelipia ukumbi.

Nikaliondoa sharti la mila. Zikapatikana njia 16. Ila kila moja iliwatenganisha pia wakwe, ambao hawajagombana na mtu. Dada akaenda kuwaomba, moyo ukimdunda. Mama mkwe akacheka. "Mwanangu, nimekaa naye miaka 30. Saa 4 za kupumua nizikatae?"

Baba na mama hawakusalimiana siku ile. Wakati wa keki, dada alimlisha mama, kisha akatembea polepole, gauni likiburuta, hadi mwisho wa pili wa meza kumlisha baba.