Ng'ombe Avunjikapo Guu

Wahenga walinena kwamba ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Aghalabu methali hii hutajwa kwa ajili ya msafiri aliyetupwa na dunia, akakumbuka kwao baada ya miaka mingi ya kutangatanga. Ni nadra kutajwa kwa ajili ya mtu ambaye malisho yake na zizi lake vimetengwa na mitaa minne tu. Hata hivyo, ndivyo ilivyomfika fundi mmoja wa Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa misikiti yake, kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Kwa muda wa miaka 22 alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akarejea taa zimekwisha kuwashwa. Nyumba yake aliijua kwa usiku; kwa mchana ilikuwa ngeni kwake.

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba, mvua za kwanza zilipokuwa zimelainisha ardhi, alijilaza ubavuni mwa lori, mguu wake wa kulia ukiwa umepita chini ya ekseli. Jeki ikateleza. Kabari za kuzuia magurudumu zilikuwa zimeegemea ukuta, hatua tatu kutoka pale alipolala. Mwenyewe ndiye aliyeamua kwamba kazi ya dakika kumi haihitaji kabari. Vijana wanagenzi wake walimvuta, wakamfunga mguu baina ya mbao mbili wasiunyooshe kwa nguvu, wakampeleka hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa muundi umekatika katikati. Katika mifupa 206 ya mtu mzima, huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili kutoka gotini hadi kwenye kifundo, na kupona kwake hakuna haraka.

Mguu ulinyooshwa, ukafungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Njia hiyo ya kupaka jasi katika vitambaa, kuvilowesha na kuvizungusha mguuni hadi vigande kama jiwe, ilitangazwa mwaka 1852 na daktari wa jeshi la Uholanzi aitwaye Antonius Mathijsen, na mpaka leo inawafaa watu wasiohesabika. Daktari alimpa fundi maagizo machache, na kila mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani hana budi kuyazingatia. Mguu uinuliwe juu ya mito, upite kimo cha moyo, ili uvimbe upungue. Vidole vichezeshwe kila saa. Plasta isiguswe na maji, wala kijiti kisiingizwe ndani yake kwa kujikuna, maana kidonda kilichofichika hakimwoni mtu. Sigara iachwe, kwa kuwa hucheleweshea mfupa kuunga. Na vidole vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mgonjwa arudishwe hospitali saa ile ile, asingoje asubuhi.

Alipouliza atasimama lini, aliambiwa miezi mitatu au minne, na pengine zaidi. Fundi aligeukia ukuta. Hakulia, lakini kwa siku tatu hakusema na mtu ila kwa kutikisa kichwa.

Kitanda chake kiliwekwa barazani, penye hewa. Huko ndiko alikoanza kusikia mambo ambayo yalikuwako siku zote pasipo yeye kuyajua. Alisikia adhana ya alfajiri mpaka mwisho wake, tena kutoka misikiti mitatu, mmoja ukitangulia na miwili ikifuata kama watu wanaoitikiana. Alisikia mvua ikija kutoka milimani, ikipita juu ya mabati ya jirani kabla ya kufika kwake. Alimwona mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi, akichagua mchele katika ungo kwa vidole visivyokosea, huku akizungumza na kuku mmoja kana kwamba ni mkwe aliyemkosea adabu. Kila saa mbili za asubuhi, mwanga wa jua ulipita katika tundu la ukuta ukaanguka juu ya blanketi lake, ukipanda kidogo kidogo hadi shingoni. Mwanzoni mwanga huo ulimuudhi. Katika wiki ya pili alijikuta akiungojea.

Lakini mtu hashibi jua. Ilipofika wiki ya tatu, mwenye kiwanja cha karakana alituma salamu kwamba kodi imechelewa. Fundi alimwita kijana wake mkubwa akamwagiza atafute mtu wa kununua jeki kubwa na seti ya spana. Kijana alisimama kimya, maana alijua kwamba fundi asiye na spana ni sawa na mvuvi asiye na wavu.

Ni lazima ielezwe hapa kwamba mke wa fundi alikuwa akikaanga maandazi tangu mwaka wa nne wa ndoa yao. Aliamka saa kumi za usiku, akawasha jiko la makaa, na kabla ya kucha alikuwa amejaza karai mbili za kuuza mlangoni. Fundi alipita kando ya jiko hilo kila siku akienda kazini, na mbele ya wageni alikuwa na mazoea ya kuyaita mapato hayo pesa za chumvi. Mkewe hakuwahi kujibu.

Usiku ule mke aliingia barazani na kopo la maziwa lililozibwa kwa kitambaa, akaliweka juu ya kifua cha mumewe. Ndani mlikuwa na kodi ya miezi miwili na akiba ya kununulia mkaa.

"Mama watoto, ndizo hizi pesa za chumvi?" aliuliza fundi, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Ndizo, baba," alijibu mkewe. "Kwani umewahi kula mboga isiyo na chumvi?"

Spana hazikuuzwa. Fundi hakupata usingizi, na kwa mara ya kwanza aliona kazi ya saa kumi za usiku kuanzia mwanzo. Aliona pia kwamba jiko lile lilikuwa limevunjika mguu mmoja. Lilikuwa limeegemezwa jiwe, na kila karai la mafuta ya moto lilipowekwa juu yake, mkewe alilizuia kwa goti lisiyumbe. Alipouliza limeharibika lini, aliambiwa kwamba ni mwaka wa pili huo. Mtu aliyeunganisha ekseli za malori ya mji mzima alikuwa amepita kando ya jiko bovu la mkewe karibu mara mia saba.

Asubuhi aliagiza patasi, nyundo na kipande cha chuma. Akiwa amekaa, mguu wa plasta umenyoshwa juu ya kigoda, alilitengeneza jiko kwa muda usiozidi saa moja. Tangu siku hiyo akawa anakata donge la maandazi na kulipanga katika sinia. Watu walipita wakacheka: fundi mzima na unga mikononi! Kicheko chao kilimchoma wiki moja, kisha kikawa sehemu ya asubuhi, kama adhana na kuku. Alijifunza pia kwamba andazi la kwanza kutoka mafutani, likiliwa pamoja na chai ya tangawizi kabla ya mtaa kuamka, lina ladha ambayo andazi la saa tatu halina.

Jioni mtoto wa mwisho, binti wa miaka minane, alimsomea masomo yake, kwa Kirundi kwanza kisha kwa Kifaransa. Walimu walikuwa wamelalamika kwamba ni mvivu wa kusoma ubaoni, na fundi alikuwa amemkaripia kwa maneno makali, usiku, gizani, pasipo kumtazama. Sasa kulikuwa na mwanga, na yeye hakuwa na pa kwenda. Alimtazama binti akishika kitabu karibu kugusa pua. Akamwambia akisogeze mbali. Binti alikisogeza, akanyamaza, kwa kuwa hakuona tena kitu. Hakuwa mvivu, macho yake hayakufika mbali. Kabla fundi hajaacha magongo, binti alikuwa na miwani, na siku ya kwanza ya kuivaa alisimama uani akihesabu kwa sauti majani ya mwembe wa jirani.

Ndani ya plasta, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Mfupa unapovunjika, damu huganda mahali hapo. Baada ya wiki mbili au tatu hujengeka daraja laini baina ya ncha mbili, na polepole daraja hilo hushikwa na madini likawa gumu. Kazi hiyo hutaka chakula, nayo haihitaji chakula cha tajiri. Ndagala wa ziwa Tanganyika, wanaoliwa pamoja na miiba yao, wana chokaa ya kutosha kuufaa mfupa. Maharage na sombe husaidia kujenga mwili, na jua la asubuhi linapogusa ngozi huupa mwili vitamini ya kuutumia ule ukalisi. Kumbe mwanga ule uliomuudhi fundi ulikuwa ukimtibu.

Baada ya wiki sita, plasta ndefu ilibadilishwa kwa fupi iliyoishia chini ya goti. Mwezi wa Januari nayo ikakatwa. Mguu uliotokea ulikuwa mwembamba, umepauka na kutoa magamba, na fundi aliogopa kuutazama. Mkewe alileta maji ya uvuguvugu katika beseni, akauosha taratibu kwa sabuni. Mtu aliyekuwa na miezi mitatu na nusu bila maji mguuni hana haja ya kuelezwa maana ya neema. Fundi alifumba macho, akaomba beseni la pili.

Kutembea kulirudi kwa hatua chache: magongo mawili, kisha moja, kisha fimbo. Ijumaa moja ya Machi aliandamana na mkewe mpaka ufukoni. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Nchi nne zinaligawana. Fundi aliishi karibu nalo maisha yake yote, na hakukumbuka mara ya mwisho aliyoketi kulitazama. Walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa hadi jua likazama nyuma ya milima ya Kongo na taa za wavuvi wa ndagala zikaanza kuwaka moja moja. Hawakuzungumza sana. Mkewe alitoa maandazi manne yaliyofungwa katika karatasi, wakala.

Leo fundi amerudi karakanani, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huchechemea kidogo siku za baridi. Mwanagenzi anayeingia chini ya gari kabla ya kuweka kabari hufukuzwa siku nzima, bila majadiliano. Adhuhuri kazi husimama, naye huenda kula nyumbani, mitaa minne, akitembea polepole. Na wageni wanapouliza habari za biashara, huwaambia kwamba karakana inalipa kodi yake, ila nyumba huishi kwa pesa za chumvi.